Kombe la Tatu

"Dada Telesia, hivi leo mzee wako amekuuliza mara ngapi kama nguruwe wamekula?"

Ndivyo alivyouliza siku moja jirani yake, Pua, akiwa ameegemea ukuta wa mawe unaozuia nguruwe wasiingie uani. Alikuwa anatania. Telesia akacheka kidogo, akajibu, "Mara mbili tu." Zilikuwa mara tisa. Kabla hajafika jikoni alikuwa ameshamwomba Mungu msamaha kwa uongo ule.

Mumewe, Solipo, alikuwa mwita makombe wa kijiji chao huko Savaii, kisiwa cha Samoa, kwa miaka ishirini na sita. Ava, kinywaji cha heshima cha mizizi iliyotwangwa, ikishachujwa kwenye bakuli la miguu mingi, na wakuu wakishakaa kila mmoja kwenye nguzo yake katika nyumba isiyo na kuta, ni yeye aliyepaza sauti. Hakutaja mtu. Alitaja kombe, kwa kuwa kila mkuu ana kombe lenye jina lake. Majina hayo hayakuandikwa popote, na mpangilio ulipangwa papo hapo kwa kutazama ni nani amekuja. Mwitaji alishika yote kichwani: huyu amekunywa, yule anafuata. Kumruka mkuu ni kumtukana mbele za watu.

Maswali ya nguruwe yalipozidi, Telesia alimpeleka zahanati. Nesi akamtajia maneno matatu: nanasi, kisu, mvua. Akamzungumzisha kidogo habari za samaki, kisha akasema, "Haya baba, nitajie yale maneno."

"Maneno gani?" Solipo akauliza kwa adabu.

Lakini alipoulizwa ukoo wake alianzia kwa babu wa babu yake, akashuka nao mtu kwa mtu, mpaka nesi mwenyewe akamsihi apumzike.

"Mama," nesi akamwambia Telesia kando, "ya zamani yapo yote. Kinachokatika ni hiki cha sasa hivi. Mimi na wewe tukiambiwa jambo, tunalishika kama mtu aliyebeba magimbi machache mikononi kuelekea jikoni. Yeye mikono inafunguka kabla hajafika."

"Na dawa?"

"Tuombe tu iende polepole."

Basi ukatoka ujumbe kwamba wakuu wa kijiji cha pili wanakuja Jumatano kumaliza ugomvi wa mwamba wa kuvulia samaki. Miaka mitatu walikuwa hawasalimiani, hata kanisani. Vitale, mdogo wake Solipo, akaja mapema.

"Kaka, safari hii niachie mimi niite."

"Wewe?" Solipo akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mbwa wako mwenyewe humwiti jina, unampigia mluzi!"

Vitale akamfuata Telesia jikoni. "Shemeji, unajua na mimi najua. Mzuie."

Telesia alikuwa anakoroga kakao. Aliufikiria uso wa mumewe kila anaposikia mizizi ya ava inatwangwa, jinsi mgongo wake unavyonyooka. Kama nguruwe wamekula hakumbuki tena, na juzi hata sala ya jioni alishaimaliza, akataka aianze tena. Hili la makombe ndilo lililobaki. "Mwache aite mara hii, shemeji," akasema. "Mimi nitamsaidia."

Msaada wenyewe ulikuwa kipande cha kuti la mnazi chenye vijani saba, kwa kuwa makombe yangekuwa saba. Usiku kucha aliomba, na asubuhi akamfundisha: "Ukiita moja, unachana kijani kimoja. Umesikia, baba?"

"Nimesikia. Nguruwe wamekula?"

Siku ile Telesia alikaa nyuma na wanawake, nje ya nguzo, kwenye mkeka. Kutoka pale aliona mgongo wa mumewe na kile kipande cha kuti mkononi. Mwanamke aliyekaa nje hafungui mdomo ava inapogawiwa. Hata kukohoa hukohoi.

Kombe la kwanza, la mkuu wa wageni. Sauti ya Solipo ilikuwa ileile, ya kupasua hewa. Akachana kijani. La pili, la mkuu wa kijiji chao, liitwalo Upepo Uliotulia. Akachana. La tatu lilikuwa la Moefaga, msemaji wa wageni, yule mzee mkali aliyechelewesha suluhu miaka yote mitatu, na ambaye leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amekubali kuja.

Mbwa akapita katikati. Mtu akamfukuza. Solipo akageuka kumtazama mbwa, na aliporudisha macho, akakiona kipande cha kuti mkononi mwake. Akakigeuza huku na huku kama kitu alichookota njiani, kisha akakiweka chini taratibu, nyuma yake.

Telesia akafumba macho. Bwana, mkumbushe. Moja tu, Bwana.

"Leteni Upepo Uliotulia!"

Mpelekaji kombe akasimama katikati ya nyumba, kombe limejaa, hajui aende wapi. Mkuu wa kijiji chao, ambaye alishakunywa, akainamisha kichwa. Moefaga hakutikisika. Vitale akanong'ona, "Kaka, kaka," lakini Solipo alidhani anaambiwa apaze sauti, akaita tena, kwa nguvu na kwa uzuri zaidi, kombe lilelile.

Wageni wakainuka wote pamoja. Chakula kilibaki kwenye majani ya migomba, bado kinafuka moshi.

Alasiri Solipo alikaa kwenye ngazi ya nyumba, amevaa bado vazi lake jeupe la kiunoni.

"Mama, wageni wanafika saa ngapi?"

Telesia hakuweza kumdanganya. "Walishafika, baba. Ulimruka Moefaga. Wameondoka."

Akaona uso wa mumewe ukivunjika. Solipo akajishika kichwa, akalia kwa sauti kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Telesia akamshika bega, akamwimbia wimbo wa kanisani mpaka akatulia, akajifuta machozi.

Akatazama bahari kidogo.

"Mama, wageni wanafika saa ngapi?"

Akamwambia tena. Akalia tena, kilio kilekile, kipya kabisa. Mara ya tatu vilevile, na Pua ng'ambo ya ukuta wa mawe akaacha kufagia.

"Mama," Solipo akasema, akinyoosha mgongo, uso umetakata, "hebu niambie, wageni wanafika saa ngapi? Nisije nikachelewa."

Telesia akafungua mdomo. Akaufunga. Akachukua ndoo ya maganda ya magimbi, akashuka ngazi, akampita, akaenda kuwalisha nguruwe.