Chumvi ya Babu Randa

Naapa kwa meno yangu saba yaliyobaki kinywani: hadithi hii ni kweli tupu, wala sikuitia hata punje ya chumvi.

Palikuwa na seremala mstaafu, mtaani wakimwita Babu Randa. Kila Alhamisi yeye na mkewe walihudhuria darasa la Kiingereza la watu wazima, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ambako viti hulia ukihema tu. Mwalimu, binti mwenye miwani, aliandika ubaoni maneno mawili yanayofanana kama mapacha, akaeleza lipi ni lipi, kisha akatoa zoezi: hadithi fupi, nusu ukurasa, maneno yote mawili yawemo, na kisa kiwe kilikutokea kweli.

"Neno ulilolikariri litakuchanganya," alisema. "Uliloliishi halikuchanganyi."

Chini ya kila hadithi aliandika 'Kweli' au 'Chumvi'. Wiki saba Babu Randa alipata Chumvi saba.

"Lakini maneno nimeyatumia sawasawa!" alilalamika.

"Maneno sawa, mzee wangu. Mamba aliyekushikia ngazi ndiye tatizo."

Mkewe alicheka mpaka kilemba kikalegea. Njiani akamwekea sharti: "Ukipata Kweli hata moja kabla ya kozi kuisha, mwezi mzima nitaamini kila usemalo, bila swali. Ukikosa, vyombo ni vyako mwezi mzima."

Mzee alisimama barabarani. Kuaminiwa! Majuzi alisema paa linavuja, bibi akamjibu, "Hadithi hizo," mpaka godoro lilipolowa.

Sasa swali likamkaa kooni kama mwiba wa samaki: huyu binti anajuaje? Labda anasoma macho. Akaenda darasani na miwani ya jua. Chumvi. Labda anauliza majirani. Akaandika kisa cha kabla majirani hawajazaliwa. Chumvi.

Siku moja, bibi akiwa sokoni, mzee alifungua daftari la mkewe. Lo! Lilijaa mikato. Ameandika Jumanne, amekata, ameandika Jumatano. Ng'ombe wawili wamekatwa, wamekuwa mmoja. Chini yake: Kweli. Kisha akafungua la kwake: safi, laini, kama ubao uliopigwa randa.

"Kumbe!" alinong'ona. "Ukweli una makovu!"

Somo la mwisho, ubaoni yaliandikwa 'lose' na 'loose', yaani kupoteza na kilicholegea. Babu Randa aliandika jinsi upepo ulivyong'oa bati lililolegea akiwa juu yake, ukambeba kupita nyumba kumi, akatua bila kupoteza kofia. Kisha akakata hapa, akakata pale, mpaka ukurasa ukafanana na shamba lililopitiwa na kuku.

Mwalimu alisoma. Akatabasamu. Kalamu ikashuka polepole. Mzee akashika kiti kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, hapa umekata kumi, juu yake ukaandika nini?"

"Kumi."

"Na hapa umekata kofia?"

"Nikaandika… kofia."

"Anayekumbuka akikata hubadilisha kitu. Wewe umekata kwa ajili yangu."

Darasa zima likapiga meza. Bibi aliinuka. Alivua tu aproni aliyokuwa ameivaa chini ya koti tangu nyumbani, akamfunga mumewe kiunoni.

"Mke wangu, ulijua?"

"Miaka arobaini na mbili, nisijue?"

Basi mzee akaanza kuosha. Alilia kiuno kinauma, bibi akamjibu, "Chumvi." Hadi leo zimebaki siku nne tu, na mikono yangu… yaani mikono ya mzee huyo, imekunjamana kama…

Haya, haya! Zimebaki siku ishirini na sita. Bibi amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma. Na meno ninayo yote. Sufuria limeungua chini na steel wire la kusugulia liko mkononi mwake, ananinyooshea nilipokee. Nakwenda.