Maji Yaliyopita Pembeni

Mzee Khiêm alipokwenda Saigon kupasuliwa macho, hakuaga watu kama alivyouaga mti wake. Ulikuwa mti wa maua uitwao mai, wa miaka thelathini, umekaa kwenye chungu kikubwa mbele ya nyumba, na kila Tet, mwaka ukianza, ulichanua manjano tupu. Alimwachia Thắm, mke wa mwanawe, aliyeolewa pale miezi mitano tu iliyopita.

"Unyweshe vizuri, mwanangu. Nikirudi, nataka macho yaanzie hapo."

Mkewe, Mama Lụa, alinuna. Yeye mwenye nyumba yupo, mti kapewa mtoto wa watu!

Thắm hakufanya ajizi. Kila asubuhi alimimina ndoo nzima mpaka maji yakatoka kwenye tundu la chini, ndipo akaridhika. Hata hivyo majani yakaanza kulegea. Akaongeza ndoo ya pili, yakazidi. Na ilibaki wiki moja tu ifike tarehe kumi na tano ya mwezi mwandamo wa mwisho wa mwaka, siku ya kuyachuma majani yote kwa mkono ili maua yawahi Tet. Mti dhaifu ukiuvua majani, umeuua.

"Unaunywesha au unaunawisha uso?" Mama Lụa aliuliza kutoka barazani.

"Ndoo mbili, mama. Si unaona yanavyotoka chini?"

"Naona. Na majani nayaona pia. Mzee akija utamweleza mwenyewe, mimi simo."

Thắm akakimbilia jikoni, machozi yakimtoka. Alipotoka alikuwa na kijiti cha kulia wali mkononi. Akakichomeka kwenye udongo wa chungu apime unyevu, kikagoma. Akakikandamiza kwa nguvu zote, akakichomoa: kikavu, kina vumbi. Hapo ndipo alipouona ufa. Udongo ulikuwa umejikunyata na kuachana na chungu, kidole kinapita. Siku zote hizo maji yaliteremkia pembeni, mizizi ya katikati ikiyasikia tu.

"Mama! Njoo uone!"

Mama Lụa akaja akijivuta, na maneno yake tayari mdomoni. Akakishika kile kijiti, akakigeuza. Akauinamia ufa, akapitisha kidole.

"Nami nakaa pale nakucheka," alisema. "Lete kata."

Waliziba ufa kwa tope. Kisha kata moja ya maji, wanasubiri yazame, ndipo nyingine. Mkono wa mmoja ukichoka, mwenzake anapokea. Wakaendelea hivyo mpaka jioni.

"Miaka thelathini mzee anaamka alfajiri kwa ajili ya huu mti," Mama Lụa alisema, akijinyoosha mgongo, "na mimi namwita mvivu wa kulima."

Thắm akacheka, kwa mara ya kwanza mbele ya mama mkwe wake.

Siku ya tatu majani yalisimama. Tarehe kumi na tano waliyachuma pamoja, moja moja.

Mzee Khiêm alirudi siku mbili kabla ya Tet, jicho moja bado limefunikwa. Hakuingia ndani. Aliyatazama matumba yaliyonona, akachomeka kijiti udongoni, akakichomoa na kukigusisha shavuni. Kilikuwa na baridi ya unyevu.

"Nani kautunza hivi?"

Thắm akainamisha kichwa, akimwachia mama mkwe aseme lake.

"Sisi," alisema Mama Lụa. "Mimi na binti yangu. Ingia ule, mti umeshashiba."