Farasi wa Pembe Moja na Mwizi Wake

Wanasema hasira hasara. Aliyesema hivyo hajawahi kuibiwa kitabu.

Mie Auleria, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kimara, nimeandika riwaya ya farasi wa pembe moja. Anazaliwa zizini. Akichovya pembe kwenye kisima chenye sumu, watu wanakunywa na kupona. Hakamatwi kwa kamba wala mtego, ila mbele ya binti msafi hulaza kichwa mapajani mwake, na rafiki yake mwenyewe ndiye anayewaonyesha wawindaji njia. Mtu aliyepita darasa la kipaimara anajua huyo ni nani. Fredrick hakujua. Huyo alikuwa mchumba wangu, nikimtumia sura moja moja kwenye simu, eti ana braza yake mchapishaji. Nilipomtumia sura ya farasi kuuawa, akaacha kupokea simu zangu. Sura ya mwisho nikabaki nayo.

Siku moja likaja tangazo kanisani: Jumapili ijayo, uzinduzi wa riwaya ya mtumishi Fredrick. Jalada lina farasi wangu, na jina la Fredrick kubwa kuliko farasi. Nikainuka nimfuate, mama akanishika mkono. "Mwachie Mungu, mwanangu," akasema.

"Mungu nitamwachia makombo, mama."

Nakala zilishaanza kuuzwa mlangoni mwa kanisa; nikachukua moja, nikaisoma yote. Ni yangu neno kwa neno, isipokuwa mwisho. Mwisho kautunga mwenyewe, yule punguani: farasi kafa, mwindaji kang'oa pembe, kanywea mvinyo, kamwoa binti, watu wakala pilau. Basi. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mboga ikaungua.

Jumapili akasimama mbele na suti yake ya bluu, kipaza sauti mkononi. Mchungaji Lusungu alikuwa pembeni na mkasi wa kukatia utepe. Mshereheshaji akauliza nani ana swali. Nikasimama mstari wa mbele.

"Shikamoo Mchungaji. Braza Fredrick, hongera. Huyu farasi ni nani?"

"Ni mnyama tu wa kubuni, sista. Pembe ni nguvu za mwanaume."

Akina mama wa kwaya wakaguna.

"Kazaliwa zizini, kasalitiwa na rafiki, kafa ili wengine wapone. Mnyama tu?"

Mchungaji akafungua kurasa za mwisho, akasoma, akavua miwani. "Fredrick, umemuua Bwana Yesu, ukamwacha amekufa, halafu watu wanakula pilau?"

"Siku ya tatu iko wapi, braza?" nikauliza. Nilikuwa naona raha, Mungu anisamehe, na asiponisamehe poa tu.

Fredrick akainama kunielekea, amesahau kipaza sauti kiko mdomoni.

"Auleria, sasa hiyo sura mbona hukunitumia?"

Spika zikamtangaza hadi barabarani.

"Kumbe!" wakasema akina mama kwa pamoja. Siku za mwizi arobaini, na zake zilitimia mbele ya madhabahu. Mchungaji akaweka mkasi chini, akamnyang'anya kipaza sauti, akanipa mie. Fredrick akaelekea mlangoni. Mzee Kamugisha, mzee wa kanisa, alikuwa ameshasimama pale.

"Kaa chini, kijana. Usikilize."

Akakaa. Nikafungua simu, nikaanza kusoma jinsi farasi alivyofufuka. Wanafunzi wangu hunilalamikia kwamba nasoma haraka. Siku hiyo nilisoma polepole, kila baada ya sentensi namtazama usoni.