Kamba Zisizomfikia Nahodha

Kila asubuhi mama alimimina chai, binti akakata mkate, wakanywa bila maneno mengi. Asubuhi hiyo mama alikitua kikombe hata hajaonja.

"Kesho nakitoa chombo gatini. Naenda mpaka kisiwani, peke yangu."

Kisu kikasimama katikati ya mkate. Mwezi uliopita mama alikwenda mbele kushusha tanga, mguu ukateleza, akaning'inia kwenye mlingoti kama shati lililoanikwa. Alisimulia huku akicheka mpaka machozi. Binti hakucheka. Sasa akamaliza kukata mkate.

"Basi nikuletee kamba zote nyuma, pale unapokaa kushika usukani," akasema. "Usiinuke kabisa."

"Ndiyo maana nilikuzaa, fundi wangu!"

Siku nzima binti hakutulia. Alifunga makapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, chini ya mlingoti, akapitisha kamba ya kupandishia tanga, ya kulishushia, na ya kulipunguzia upepo ukizidi, akazivuta juu ya sitaha hadi nyuma. Akakaa, akanyoosha mkono, akatia alama. Akainuka, akatazama maji, akarudi kukaa. Skrubu zilimponyoka, moja ikatumbukia baharini.

"Dada, unashona suruali?" seremala wa gatini akamtania. "Mara ya sita hiyo unapima!"

"Niache, kaka. Mikono tu haitulii leo."

"Mikono, au roho?"

Akainama kuokota skrubu nyingine.

Alasiri mama akaja, akaketi mahali pake, mkono mmoja kwenye usukani. Akanyoosha wa pili. Vidole vikaishia hewani. Akajivuta zaidi, usukani ukamtoka.

"Wee mtoto! Hizi kamba zinamfikia nani?"

Binti akatazama, uso ukamwiva. Vishikizo vyote vitatu vya kufungia kamba alikuwa amevifunga mbele ya benchi la upande wa pili, pale alipozoea kukaa tangu mdogo, mama akiendesha. Mara zote sita alipimia pale.

"Samahani. Navihamisha sasa hivi."

Akachukua bisibisi, akaizungusha nusu, akasita, akaizungusha tena.

"Mbona unavikaza?" mama akauliza.

Binti akaiweka bisibisi chini.

"Zinanifikia mimi, mama. Sitaki uende peke yako. Naogopa. Nataka twende wote."