Mlango wa Friji la Bi Mwamini

Friji jipya la Bi Mwamini liliwekwa sebuleni, likiutazama mlango wa mbele, ili mgeni akivua ndala tu akutane nalo uso kwa uso. Jikoni nani angeliona? Kuku?

Alhamisi asubuhi kaka yake, Bushiri, alimletea kamba kutoka kisiwani Maparoni, ndoo nzima, wamefukiwa kwenye barafu, kila mmoja kama dole gumba. Hao walikuwa wa wakwe. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, watu wa Chumbi walikuwa wanakuja Kibiti kumposea kijana wao Badru, wamtake Hadija, binti wa Bi Mwamini. Na mtaa mzima ulishatangaziwa kwamba watakula kamba wa kutoka kwenye friji.

"Watie sasa hivi, dada, na mlango uufunge," alisema Bushiri, akaondoka kuwahi boti.

Akawatia. Kabla ya adhuhuri shoga zake, Rukaya na Mwanahalima, wakabisha hodi.

"Tumekuja kuona, bibie. Au tutaliharibu kwa macho?"

"Oneni, roho zenu zitulie!"

Akaufungua mlango wote. Taa ikawaka. Rukaya akatia mkono, akapiga ukelele wa raha. Mwanahalima akasogeza mkeka, akaupa mgongo wake ule ubaridi, akaanza kusimulia ugomvi wa mtaani. Bi Mwamini angefanyaje? Mgeni amekaa, wewe umfungie mlango usoni? Hata uwe wa friji, mlango ni mlango.

Hadija akanyoosha mkono aufunge. Mama akamtolea jicho.

"Mama, ubaridi unatoka."

"Unatoka uende wapi? Si umo humu humu ndani mwetu?"

Wakaondoka hao, wakaja wengine. Bi Mwamini akaona rafu moja tupu inamwaibisha, akaiwekea sufuria ya maharage iliyotoka jikoni ikifuka mvuke. Kufika magharibi friji lilinguruma kama trekta lililokwama kwenye tope la mpunga.

Ijumaa wakwe wakafika. Mama yake Badru, Bi Swaumu, mzito wa mwili na wa maneno, akakalishwa mbele kabisa. Bi Mwamini akajitanda kanga vizuri, akauvuta mlango kwa maringo.

Ikatoka harufu. Ikawapitia wakwe mmoja mmoja, kama inayowapa mkono.

Wajomba wakatazama dari. Bi Swaumu akavuta ushungi hadi puani.

"Mashallah," akasema humo humo ndani ya ushungi. "Friji kubwa."

"Kubwa," akajibu Bi Mwamini, machozi yakimlenga. Aliiona posa ya mwanawe ikiharibika pamoja na kamba, na bado mlango hakuufunga. Angeufungaje, na wageni wamekaa?

Hapo Hadija akatokeza. Mwali anayeposwa, hatakiwi kuonekana hata kisigino! Akapita mbele ya wakwe wote, akausukuma mlango kwa nyonga, pa! Akauegemea.

"Mniwie radhi, wazee wangu. Kamba wameoza. Nawakaangia mayai."

Bi Mwamini akashika kifua. Bi Swaumu akashusha ushungi, akamtazama yule binti toka juu mpaka chini.

"Nyie," akawageukia wajomba, "semeni lililotuleta, upesi. Kwangu Chumbi friji liko wazi tangu Ramadhani. Watu wanakuja, wanakaa, na mimi naona haya kulifunga. Huyu mtoto namtaka."

Posa ikapokelewa Hadija akiwa bado ameuegemea mlango, maana mjomba mmoja alishaanza kuomba afunguliwe kidogo tu, aone ile taa inavyojiwasha.