Makaa Kichwani mwa Nkwabi

Salome alikuwa anapepeta mbegu za mpunga nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Kagongwa, alipomwona jirani yake Nkwabi akisogeza tuta la mpaka. Alilisogeza kwa jembe, bila haraka, na jua lilipopanda, jaruba bora la Salome, lile linalotuamisha maji hata mvua ikisuasua, lilikuwa upande wa Nkwabi.

"Baba Blessing, hilo jaruba ni langu," Salome alisema.

"Mwangaluka, Mama Noela," Nkwabi alijibu. "Watoto hawajambo?"

Wazee wa usuluhishi walisikiliza shauri, wakaahirisha. Salome akaenda kwa katekista Pantaleo, ambaye alimwambia kwamba kumpenda adui ni kazi ya mikono. Amsalimie yeye kwanza. Amwombee kwa jina. Amlishe, maana Maandiko yanasema anayemlisha adui yake humpalia makaa ya moto kichwani.

"Nitaanza na hilo la makaa," Salome alisema.

Akapika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, akampelekea. Nkwabi alikula, akakomba bakuli, akanawa. Alipovua kofia yake ya pama apigwe na upepo, kichwani palikuwa na makaa mekundu, ya kujaza jiko dogo. Nywele hazikuungua. Nkwabi alisema joto la leo limezidi, akahamia kivulini.

Mkewe, Limi, aliyatazama makaa yale, akaingia ndani, akatoka na sufuria ya maharage.

"Kaa wima," alimwambia mumewe.

Kesho yake Limi alikuja kwa Salome mapema. "Mama Noela, leo unampikia tena? Nina makande, na mkaa umepanda bei."

Salome akapika. Alikuwa akingoja Nkwabi aone aibu. Makaa yaliongezeka, aibu haikuonekana. Siku za mnada Nkwabi alikaa karibu na zizi la ng'ombe, watu wakichoma mahindi kichwani mwake. Wazee wa usuluhishi walipokutana tena, nao walichoma yao kichwani mwa mlalamikiwa, wakala, wakaahirisha.

Siku moja Salome alipika ugali na dagaa huku akimwombea Nkwabi tumbo la kuendesha. Kichwani yakaja majivu matupu. Limi alisimama mlangoni kwa Salome, sufuria mkononi, maharage magumu kama kokoto.

"Dada, umemtilia nini? Watoto wangu hawajala."

Kisimani, wanawake walimpisha Salome kwa huruma, kama mtu aliyefiwa. Kuanzia hapo kila mtu aliujua moyo wake kwa kumtazama Nkwabi kichwani, na Salome akawa hana budi kumpenda kwelikweli. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupandikiza mpunga. Alimchunguza mtu yule wiki nzima akitafuta pa kuanzia, mpaka alipomsikia akimwimbia ng'ombe wake wakati wa kukamua, kwa sauti mbaya, kama anambembeleza mtoto. Salome akaanzia hapo. Siku hiyo makaa yaliwaka hata Limi akapika uji, wali na supu kwa zamu, na bado yakabaki ya kupigia pasi.

Salome alirudi kwa katekista. "Makaa yapo. Jaruba halijarudi."

Pantaleo alifungua Biblia, akausoma upya ule mstari. "Maandiko yaliahidi makaa," alisema. "Jaruba hayakulitaja."

Mpunga ulipovunwa, Nkwabi alikuja mwenyewe kwa Salome, amebeba kichwani sufuria ya wali inayotoa mvuke.

"Karibu mchele mpya, jirani. Lile jaruba lina baraka."

Salome alikula. Wali ulikuwa mtamu, naye aliujua udongo wake. Alipomaliza alijipapasa utosini, kwanza kwa kificho, halafu waziwazi, kwa mikono miwili. Hapakuwa na kitu, hata vuguvugu.

"Unatafuta nini?" Nkwabi aliuliza.

"Makaa. Na mimi nimelishwa."

Nkwabi alimtazama kwa upole.

"Yatoke wapi, Mama Noela? Mimi sina adui."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akamwomba kesho asichelewe kupika, maana Limi ameloweka kunde.