Jicho la Fundi Badibanga

Kwa miaka miwili Fundi Badibanga hakuziona cheche za moto wake mwenyewe. Yeye aliyechomea vyuma vya nusu ya milango ya mtaa wa Manika sasa alikaa kitini mbele ya karakana, akimsikiliza binti yake Myriam akifanya kazi. Macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na weupe, na wateja aliwajua kwa sauti tu.

"Ni moto ya vyuma njo imeniunguza," alikuwa akisema.

"Hapana, tata. Ni katarakti," Myriam alimjibu. "Ku hôpital banatosha lenzi ya ndani yenye imechafuka, banaweka ingine ya mupya."

"Na ikianguka mu sahani wakati niko nakula?"

Myriam alicheka sana. "Haianguke! Inabakia mule siku zote."

Badibanga aligoma wiki tatu. Kisha asubuhi moja aliusalimia mtungi wa oksijeni wa kuchomelea kwa heshima zote, akidhani ni jirani yake Tata Tshiamala. Safari hii Myriam hakucheka. Kule kutocheka ndiko kulikomchoma.

"Ita taxi-moto," alisema. "Tuende."

Pikipiki iliwafikisha hospitalini. Huko Badibanga alichomwa sindano ya ganzi, akalala chini ya taa kali. Hakusikia maumivu, ila maji baridi na sauti ya Dokta Odile.

"Sasa naingiza lenzi, tata. Imekunjwa. Ikifika ndani itajifungua yenyewe."

Ufundi ukamwasha. "Na inashikwa na nini? Hakuna misumari?"

"Iko na mikono mbili midogo, inajishikilia. Sasa nyamaza, usitingizike."

Moyoni Badibanga alimvulia kofia mtu aliyebuni kitu kile.

Kesho yake Dokta Odile alibandua bandeji ya jicho la kulia. Kwanza machozi yalitiririka. Kisha ukuta ukatulia, ukawa wa kijani. Dirisha likaja na nondo zake, na mara moja akaona kwamba aliyezichomea alikuwa na haraka. Kisha akamwona Myriam.

Alikuwa amenenepa kidogo. Mikono yake, toka viganjani hadi viwikoni, ilijaa vidoadoa vya kuungua.

"Hizi alama ulizipata lini?"

"Ni kazi, tata."

Badibanga alikunja shati lake, akaulaza mkono wake kando ya ule wa binti yake. Alama zilikuwa zilezile. Akainua kichwa, akapaza sauti mpaka wagonjwa wa kwenye baraza wakageuka: "Mutazame! Huyu njo fundi mukubwa wa Manika! Ni mutoto wangu!"

Myriam alijifunika uso kwa kitenge chake, akicheka huku analia.

"Dokta, na jicho ya pili?" aliuliza baba yake.

"Mwezi wenye kuja, tata."

"Iko mbali sana!" alisema Badibanga. Akatoka, akashuka ngazi peke yake, mbilimbili, Myriam akimkimbilia nyuma na dawa zake mkononi.